Damu ya Baba Yako Imesema

Nyumbani, nyuma ya duka la saa,
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo wewe, mkeo hajambo, na huyo mtoto meno yanamsumbuaje? Mimi shangazi yako mzima, magoti tu yananikumbusha umri. Baba yako naye, kaa kitako kwanza, ana nafuu.

Najua barua yake ilikuumiza, kukukataza usimlete mjukuu ati atamwambukiza. Usimlaumu. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliugua kifua kikuu zamani, na sasa alikuwa anakohoa damu tena. Kikohozi kilirusha skrubu za saa anazotengeneza, mimi natambaa chini ya meza na tochi. Makohozi yalipimwa mara tatu, wadudu hawakuonekana. Nami mjuaji nikasema mashine mbovu, nikamtengea sahani na kikombe. Naona haya kuliandika hili.

Mwezi uliopita daktari mpya, binti asiye na haraka, alitazama picha ya kifua akasema, "Mzee, hebu tupime na damu."

"Ugonjwa uko kifuani, mnanichoma mkono?" baba yako akanung'unika.

Akaelezwa kwamba mwili ukivamiwa hutengeneza kingamwili za kupambana na adui yuleyule, na damu ndiyo inayozionyesha.

Majibu yametoka Ijumaa: kingamwili za fangasi, tele! Fangasi, mwanangu, ndugu wa ukungu wa mkate. Kifua kikuu kilipona, kikaacha shimo pafuni, nao fangasi wakapanga chumba humo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, foleni nzima ikageuka.

Hatujamaliza. Atameza vidonge miezi sita au zaidi, na kliniki ataendelea kwenda, maana kovu halifutiki. Lakini hawezi kumwambukiza mtu. Daktari alilisema mara mbili kwa kuwa baba yako aliuliza mara mbili.

Hatakuandikia mwenyewe kufuta aliyosema, unamjua alivyo. Ila jana niliingia chumbani mwake bila hodi nikamkuta amebeba mto mikononi, kiganja kimoja kimeukinga upande wa juu, anautembeza polepole kutoka kitandani hadi dirishani. Aliponiona akadai anaukung'uta vumbi. Mlete mtoto.

Msalimie mkeo, na mama mkwe wako umwambie bado namdai ugomvi wetu wa harusini. Mungu awalinde njiani mje salama.

Ni mimi nikupendaye hata ninapofoka,
Shangazi yako