Chemchemi ya Bondeni

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Kifua cha yule mdogo kimetulia? Usiponijibu nitajua wewe na kalamu hamjapatana tangu darasa la pili. Mimi ni mzima, wa mwili tu.

Mji umekauka, kaka. Maji yanafunguliwa kwa zamu, ukiosha gari unapigwa faini, na idara ya maji imeapa kuziba kila bomba linalovuja. Ndiyo kazi niliyopewa: natembea na fimbo ya chuma, naisimamisha barabarani, natega sikio kwenye ncha yake. Penye tundu, maji huguna chini kwa chini. Napiga alama ya rangi, mafundi wanachimba. Nyuma ya shule ya mlimani nilisikia bomba kubwa likinguruma vibaya sana. Walipoliziba, mkuu wetu alinisifu mbele ya wenzangu, akasema nimeokoa maji ya mitaa mitatu. Kichwa kilivimba, sikufichi.

Wiki ileile chemchemi yetu ya bondeni ikakauka. Ile uliyokuwa ukinisukumia ndani utotoni, ile ambayo mama alifulia nguo za watu mpaka tukasoma. Majirani walisema ni kiangazi tu. Mama akakataa katakata. Alisema amepitia viangazi vingapi na haijakauka, basi yupo mtu aliyeifanyia ubaya. Akawa anapanda mlima na ndoo kugombea maji ya lori, na huko watu wakamsukuma, akaanguka. Nyonga imevunjika. Daktari anasema kwa umri wake hatasimama tena. Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia, nilikosa ujasiri.

Yuko kwangu. Namwogesha kwa kitambaa na kikombe cha maji.

Kaka, haikuwa chemchemi. Lilikuwa bomba lililopasuka kabla hatujazaliwa, na maji yakawa yanateremka chini ya ardhi mpaka kwetu. Ni lile lile la nyuma ya shule. Mimi ndiye niliyelipiga rangi.

Kila asubuhi nikimgeuza, mama anamwapiza aliyetukaushia maji. Anaomba mtu huyo akose wa kumtilia tone mdomoni siku ya kufa kwake. Kisha ananitazama, anasubiri niitikie. Naitikia amina. Sina ubavu wa kumwambia, nawe nakusihi usimwambie.

Njoo umwone angali anatutambua. Nisalimie wote nyumbani. Mama naye anakusalimu sana. Amenituma nikuandikie kwamba namtunza vizuri, na kwamba Mungu atanilipa.

Ni mimi,
Mdogo wako