Sikio la Pili

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumepata bosi asiyekwenda chooni. Maneno ya Redio hayo, si yangu. Redio ni jirani yangu wa meza, mwaka wa sita huu tuko bega kwa bega, na anaitwa hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

Bosi mwenyewe ni programu ya kompyuta. Kuanzia leo inasikiliza kila simu tunayopokea hapa huduma kwa wateja ya kampuni ya maji, na kutupa maksi kwa mia. Inapima muda. Inapima maneno. Inapima hata sauti kama ina tabasamu! Kabla ya chai walikuwa wameshaibatiza: Sikio.

Aliyetangaza ni Bi Dakika, mkuu wetu wa zamu. (Jina kalipata kwa sheria yake: simu moja, dakika nne.) Alisimama mbele ya ubao wa foleni ya simu, akasema mwisho wa mwezi kikosi "kitapunguzwa kidogo". Kidogo! Tuko thelathini na wawili. Watu wakacheka ule mzaha wa Redio, halafu kila mmoja akatazama meza yake. Mimi niliangalia mikono yangu. Ilikuwa imeng'ang'ania waya wa hedifoni kama ya mtu anayening'inia dirishani.

Jumanne, 4 Machi

Maksi 61. Sababu: "Sauti haina tabasamu."

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya mazoezi ya tabasamu mbele ya kioo cha bafuni. Binti yangu akapita na mswaki mdomoni. "Mama, jino linakuuma?"

Nikalipeleka tabasamu hilo hilo kazini. Mteja wa kwanza, hana maji siku ya nne, na mimi namtabasamia. Akaniuliza, wewe dada, kinachokuchekesha ni nini hasa?

Maksi 58.

Alhamisi, 6 Machi

Usingizi umenipa mgongo siku ya tatu. Nimeamka na kifua kimebana, baba kanikuta nimesimama jikoni na kibiriti mkononi, jiko nilikuwa nimeshaliwasha zamani.

Baba alipanga herufi kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na mbili, herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume. Kila anachojua kuhusu wahenga wa kale alikisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ukimuuliza nani alisema hayo, anajibu: jina lilikuwa ukurasa wa kwanza, ule aliupanga mwenzangu.

Leo alinipa hili: kulikuwa na tabibu wa kale, mfalme wake alikuwa akishikwa na hofu hovyo hovyo, moyo unamwenda mbio. Tabibu hakumpa dawa. Alimwambia, ukishikwa, taja vitu vilivyomo chumbani visivyokufukuza.

"Na mfalme akapona?"

"Ukurasa ule uliishia hapo."

Nimeijaribu kazini saa nne. Kikombe. Stepla. Ua la plastiki. Kiti cha Redio. Hakuna hata kimoja kinachonifukuza. Nilitulia kama dakika mbili hivi — kisha ubao wa foleni ukageuka mwekundu, watu arobaini wanasubiri, nikasahau hata namna ya kusema karibu.

Redio ana 38. Wa mwisho kabisa. Kaichapisha karatasi ya maksi akaibandika kwenye skrini yake. Kasema ni nambari ya kiatu chake, haionei aibu. Nikacheka. Lakini alipoinama kuchukua kalamu nikamwona usoni. Hakuwa anacheka.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Dakika kaniita kwenye chumba cha vioo. Roho mkononi! Nikajua ndiyo basi tena.

Kumbe sivyo. Makao makuu wanataka binadamu wawili wa kuthibitisha maksi za Sikio. Unasikiliza simu iliyorekodiwa, unasoma ripoti ya mashine, unabonyeza Nakubali au Sikubali. Wanakuita "sikio la pili". Kasema amenichagua kwa sababu mimi ni mtulivu. Mtulivu! Mimi!

Nikauliza, na ile kupunguzwa?

Akatengeneza karatasi zake, kingo zilingane. Akasema walio kwenye uthibitishaji hawatahusika. Akaongeza kwamba sikio la pili likipingana mno na la kwanza, na lenyewe litapitiwa upya. Na kwamba hili ni kati yetu.

Nikasema ahsante. Nikasema mara mbili. Nilipotoka Redio akaniuliza, vipi, umepewa ufalme? Nikamwambia ni mambo ya likizo.

Jumapili, 9 Machi

Nimefua kila kitu ndani ya nyumba hii, mpaka mapazia. Binti kasema nikimaliza nimwambie, asije naye akaanikwa.

Tangu baba yake aondoke tuko watatu, na mshahara ninaoleta ni wangu peke yangu. Najiambia hivyo tangu Ijumaa. Ni kweli. Lakini kwa nini najiambia mara nyingi hivyo?

Jumatatu, 10 Machi

Simu ishirini leo. Nyingi nyepesi. Ya kumi na saba ilikuwa ya Redio.

Mpigaji mama mtu mzima. Bomba limepasuka jikoni, maji yamemfika vifundoni, yuko peke yake, nyonga imefanyiwa upasuaji, anatembelea fimbo. Sauti inamtetemeka hadi maneno hayakamiliki. Kitabu chetu cha maelekezo kinasema: chukua namba ya mita, mpe namba ya tatizo, mwambie fundi atafika, kata.

Redio alichukua namba. Hakukata.

"Mama, fimbo unayo mkononi?"

"Ninayo, mwanangu."

"Basi leo iwe kama ya Musa. Ila usipasue bahari, tafuta koki tu."

Yule mama kacheka! Ndani ya maji yale, kacheka. Wakaenda hivyo hatua kwa hatua. Sogeza ndoo. Shika ukingo wa meza. Pumzika. Usikimbie mama, hakuna anayetupa medali. Ikawa kimya kirefu, nasikia maji tu na pumzi yake. Kisha chuma kikalia, na maji yakanyamaza.

Akamwambia, mwanangu, usikate kwanza. Redio akajibu, sina pa kwenda mama, nimefungwa waya kichwani. Akabaki naye mpaka jirani alipogonga mlango. Dakika ishirini na mbili. Kabla ya kuaga yule mama kasema alikuwa ameshaanza kutafuta mahali pa kukaa chini, na angekaa asingeinuka.

Ripoti ya Sikio: "Muda umezidi mara tano na nusu. Mzaha usio wa kikazi, mara tisa. Maelekezo hayakufuatwa. Maksi 11."

Chini yake vitufe viwili.

Nikairudia simu yote toka mwanzo. Machozi yalikuwa yananilenga, nikajifanya napiga chafya. Bi Dakika akapita nyuma ya kiti changu, akaangalia skrini, akaangalia saa ya ukutani.

Jumanne, 11 Machi

Nilibonyeza Nakubali.

Sina zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Redio kapewa barua. Kikao cha nidhamu, Jumatatu saa nne, kwa sababu ya simu "yenye maksi 11, iliyothibitishwa". Anaruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzake mmoja wa kumsemea.

Akaja na kikombe changu cha chai, sukari moja kama ninavyopenda. Akavuta kiti. Hakutania hata kidogo, hilo ndilo lililonitisha.

"Dada, sijakusumbua miaka sita."

"Umenisumbua kila siku."

"Basi ongeza moja. Njoo unisemee. Wewe unanijua."

Nikasema sawa. Ilitoka yenyewe, kabla sijaitafuna. Akashukuru kwa kichwa, akarudi kwenye simu zake. Nikamsikia anamwambia mteja: habari za asubuhi, unaongea na mtu, si mashine, tumia nafasi hii vizuri.

Chai niliimwaga.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia baba yote. Jioni, anakata kucha uani, gazeti kalitandika chini. Nilitegemea anitafutie mhenga. Akaendelea na kucha mpaka akamaliza mkono mzima.

"Hili hawakuniambia wale wa kale," kasema. "Hili ni langu."

Mwaka ule walikuwa wanachapa orodha ya waliofaulu mtihani. Karatasi ya majaribio ikatoka, yeye akalinganisha na ile iliyoandikwa kwa mkono, akaona mstari mmoja umeruka. Jina la kijana mmoja. Akamwendea msimamizi. Msimamizi akasema muda umekwisha, tia saini, chapa. Baba akatia saini.

Wiki iliyofuata akaja mzee mmoja getini na namba ya mtihani ya mwanawe kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Anauliza tu kama kuna aliyekosea. Baba alikuwa nyuma ya marobota ya karatasi. Alimsikia kila neno. Hakutoka.

"Ulimfanyia nini baadaye?"

"Hakuna nilichofanya. Nilingoja aondoke."

Nikamuuliza kama analikumbuka jina la yule kijana. Akalitaja. Majina yote matatu, bila kusita. Miaka thelathini na moja! Sitaliandika hapa, si langu.

Halafu akalikunja gazeti na kucha zake, akaliangalia, akasema: wachapaji wa siku hizi, herufi zao zimekaa hovyo. Akaingia ndani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeingia kwenye mfumo kutoka nyumbani, nione kama Nakubali inaweza kugeuzwa. Haiwezi. Kitufe kimekuwa cha kijivu.

Lakini kuna sehemu ya "maoni", tupu. Nimeandika mistari mitatu, nimefuta. Nimeandika saba, nimefuta. Binti kaniuliza naandikia nani mapenzi.

Jumapili, 16 Machi

Nimejiambia nitaugua kesho. Tumbo. Nikachagua hata upande wa kushika.

Wakati wa chakula cha mchana tumbo likauma kwelikweli, upande ule ule. Nimecheka peke yangu hadi baba akauliza kulikoni.

Nitakwenda.

Jumatatu, 17 Machi

Saa tatu na robo. Benchi la ukumbini, nje ya chumba cha mikutano. Naandikia gotini, mwandiko unakwenda kama kuku kakanyaga wino. Redio hajafika. Nikimwambia leo nitapoteza kazi, nisipomwambia sijui nitapoteza nini.

Saa tatu na nusu. Kafika. Shati jipya, mikunjo ya kiwandani bado iko kifuani. Akageuka kunionyesha mgongo: je, naonekana kama mtu wa maksi kumi na mbili sasa?

Nikamwambia. Sikuzunguka. Mimi ndiye sikio la pili. Mimi ndiye niliyebonyeza.

Mara ya kwanza tangu nimjue, Redio kanyamaza. Kaketi mwisho mwingine wa benchi. Mashine ya maji ya kunywa inanguruma kati yetu. Kaanza kuchuna uzi kwenye mkono wa shati, kauchuna mpaka ukatika.

Saa tatu na dakika hamsini. Kazungumza, macho bado kwenye uzi.

"Uliisikiliza yote?"

"Yote. Mara mbili."

"Mpaka koki ilipofunga?"

"Mpaka jirani alipogonga."

"Hao waliomo ndani hawajaisikiliza," kasema. "Wamesoma karatasi tu." Hakusema amenisamehe. Sikumwomba. Sauti yake ilikuwa ile ile aliyomwambia yule mama ashike ukingo wa meza — au pengine nataka tu iwe ile.

Saa nne na dakika tano. Tumo ndani. Meza ndefu, chupa za maji hazijafunguliwa. Bi Dakika kaniona, nyusi zimempanda. Kauliza kwa sauti ya chini, niko hapa kama nani? Viti vilikuwa viwili: kimoja upande wake, mbele ya faili lenye saini yangu ya Nakubali, kimoja kando ya Redio. Nikakaa kando ya Redio. Hakusogea kunipisha, wala hakusogea mbali.

Tunamsubiri afisa utumishi. Bi Dakika anadhani naandika kumbukumbu za kikao. Nimemwambia nina ombi: kabla ya lolote, simu yenyewe ichezwe, kwa spika, wote tusikie. Kasema haitawezekana, ni dakika ishirini na mbili.

Afisa utumishi kaingia. Anavuta kiti. Anafungua faili, anasoma kimya, kidole kimefika kwenye jina langu. Ananitafuta kwa macho. Anauliza, nani anataka kuanza?

Mkono mmoja unaandika. Mwingine uko juu. Kila mtu anauona, sijaushusha