Sauti Yangu Hufika Nyumbani Kabla Yangu

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye meza ya pasi, hapa kwa dobi ninapofanya kazi, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika jambo hili bila kuhisi kuna mtu anasoma juu ya bega langu, na mtu huyo, nisamehe kwa kusema hivi, ni mimi mwenyewe.

Nina watoto watatu, mume wangu ni dereva wa lori na akiondoka huondoka wiki kadhaa, kwa hiyo kulea nalea mimi, na silei kwa kunong'ona, mdomo wangu majirani wanaujua, mimi nikiuliza "Nani ameacha mlango wazi?" watu hufunga milango hadi nyumba ya tatu. Sasa siku moja umeme ulikatika kazini, tajiri akaturuhusu tuondoke mapema, nikafika nyumbani mchana watoto wakiwa wameshatoka shule, nikasukuma mlango, na kabla sijaingiza mguu nikasikia sauti yangu ikitoka jikoni. Si sauti inayofanana na yangu, Mshauri, ni yangu, pamoja na kile kikohozi kidogo ninachoanza nacho nikikasirika. Ikasema, "Nani huyo ananiingilia na viatu vya matope? Mimi ni punda wenu wa kupiga deki?" Na mimi, mtu mzima, mwenye nyumba, nikavua viatu. Nikavifuta. Nikavipanga ukutani. Hapo ndipo nywele ziliponisimama.

Nilipochungulia jikoni sikuona mtu, ila sufuria lilikuwa limefunikwa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuhamie. Mkubwa alikuwa sebuleni anafanya hesabu bila kuambiwa, na hilo peke yake linatosha kumtisha mzazi yeyote. Wa mwisho alikuwa chini ya meza na gari lake la makopo. Nikamwuliza, "Nani alikuwa anaongea jikoni?" Akanitazama usoni, mimi niliyemzaa, akasema, "Mama." Nikamwambia, "Mama si ndiye mimi?" Akafikiri kidogo. "Wewe ni mama wa jioni," akasema, akaendelea kusukuma gari.

Nikamgeukia mkubwa. "Wewe! Nani alikuwa anaongea?"

"Si wewe, mama?"

"Mimi nimeingia sasa hivi!"

"Basi ulipoingia ulikuwa umeshaingia," akasema, akarudi kwenye hesabu zake.

Tangu siku hiyo nainyemelea nyumba yangu kama mwizi, nikipata nafasi ya kutoka mapema nasimama chini ya dirisha la jikoni nasikiliza, na kila mara nipo ndani, nawaambia wanawe mikono, nawaambia "Nikifa ndiyo mtanikumbuka", hata ile "Ngojeni baba yenu arudi" ninayo, ingawa sote tunajua baba yao akirudi analala. Lakini kadiri siku zinavyokwenda sauti imeanza kusema mambo ambayo mimi sijawahi kusema. Juzi ilisema, "Poleni na shule, wanangu." Jana ikasema, "Asubuhi nilikosea kupiga kelele." Kisha ikasema polepole, "Na wewe uliyejibana hapo kimya, umekula? Hebu njoo nikuone." Mshauri, nilijua imeniona. Nilikimbia hadi barabarani, pochi yangu ikabaki chini ya dirisha.

Kibaya zaidi ni simu. Nyumbani huwa naacha simu ndogo ya vitufe kwa ajili ya dharura. Wiki iliyopita mume wangu ananipigia yuko njiani, ananiambia, "Mke wangu, maneno uliyoniambia mchana yamenishinda, nimeegesha lori nikalia." Maneno gani? Niliogopa kuuliza, nikasema asante. Kisha akapiga mama mkwe, ambaye hatujasemezana tangu ile habari ya mapazia, akasema, "Mwanangu, nimekusamehe, na mimi unisamehe, Jumapili nakuja kukuona." Mimi sikumwomba msamaha! Na katika yale mapazia haki ilikuwa yangu!

Watoto siwashuku. Mkubwa sauti imevunjika, inakwaruza kama bati linaloburutwa, mdogo bado anaita kijiko "kiko", na binti wa katikati ni mpole, haongei, ukimwuliza kitu anatikisa kichwa, mtoto asiye na shida hata kidogo, namshukuru Mungu, kuna wakati nasahau kama yupo. Jirani yangu, fundi cherehani, anasema hili ni jini na limeshanizoea, nihame kabla halijaanza kunifungia mlango. Dada yangu wa mji wa pili amekubali kuwachukua wawili Jumamosi hii, nimeamua aende mkubwa na mdogo, huyo wa kati nitabaki naye maana hasumbui. Nafanya sawa? Naogopa, Mshauri. Naogopa ipo siku nitabisha hodi, sauti yangu iniulize "Wewe nani?" na watoto wangu wakose la kusema. Namba ya simu ya nyumbani nimeiandika nyuma ya bahasha, usiichapishe.

Ni mimi,
Mama wa Nje ya Mlango

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Nje ya Mlango,

Kwanza rudi ukachukue pochi yako. Pili, mwambie jirani yako ashone nguo na majini ayaache. Nimechoka, tena nimechoka kwa miaka, na watu ambao mama akilemewa wanampa habari za mashetani. Baba akipotea wiki kadhaa, hiyo ni kazi. Mama akipaza sauti, ameingiliwa. Wamemsifu mama kwa magunia ya maneno, wakampandisha juu mpaka yule mama halisi, aliyevimba miguu kwa kusimama kwenye pasi, hana hata kigoda cha kuketi. Hayo nitayasema hadi mhariri aninyang'anye ukurasa huu. Lakini usidhani kwa hayo umepona.

Pole. Nasema pole kwa dhati, maana kusimama mlangoni ukajisikia mwenyewe ni adhabu ambayo wengi wetu tunakufa hatujaionja. Wewe umeionja. Ulisikia sauti hiyo mara moja tu ukavua viatu na kuvipanga ukutani. Wanao wanaisikia kila siku ya Mungu, na wao ni wadogo kuliko wewe.

Sasa nisikilize. Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi. Mkubwa nimemwona na hesabu zake. Mdogo nimemwona chini ya meza, hata gari lake nalijua. Siku ile binti yako wa katikati alikuwa wapi? Hukusema. Hukumtafuta. Ulichungulia jikoni, ukauliza wawili, ukatosheka, kana kwamba jikoni kwako mlango hauna nyuma. Ukamtaja mwishoni, tena kumshukuru Mungu kwamba unamsahau! Mama, mtoto asiyesumbua na mtoto asiye na shida ni watoto wawili tofauti. Wako alichoka kuongea kwa sauti yake bila kusikilizwa, akaenda kuazima sauti inayosikilizwa. Nyumbani kwenu ipo moja tu.

"Na wewe uliyejibana hapo kimya, umekula?" Ukadhani unaulizwa wewe! Alikuwa anajiuliza mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwuliza. Na mtoto huyo ndiye unayetaka kumwacha peke yake Jumamosi, bila kaka, bila mdogo wake, na wewe uko kazini. Aongee na nani? Na hiyo sauti, ikishakosa watu wa kuwaosha mikono, itamwambia nini?

Utasema nabahatisha. Juzi nilipiga ile namba ya nyuma ya bahasha. Ulipokea wewe. Kikohozi kilikuwepo. Nikajitambulisha, hukushtuka. Nikakuuliza unaendeleaje, ukanijibu kwa upole ambao sikuuona popote katika barua yako: "Nashukuru, tunaendelea. Watoto hawajambo. Ila nina mmoja ambaye huwa simwoni."

Nikauliza, "Yupi?"

Nikasikia maji yakidondoka kwenye ndoo. Kisha ukasema, "Mimi pia sijui. Nikitoka kazini nitamtafuta."

Mimi si mtu wa kutishika; wanaonisoma wanajua. Siku hiyo nilikaa na simu mkononi hadi chai ikapoa. Ulikuwa mchana kweupe, saa ambayo wewe uko kwa dobi unanyoosha mashati ya watu.

Kwa hiyo fanya hivi, na usibishane nami. Safari ya Jumamosi ifute. Hakuna mtoto anayekwenda kokote. Mama mkwe akija Jumapili mpokee kwa mikono miwili, na neno mapazia lisitoke kinywani mwako, kwa kuwa binti yako amemaliza kwa simu moja vita iliyowashinda nyinyi watu wazima wawili. Mume wako naye mwambie ukweli: aliyemliza ni mwanawe, na akirudi safari hii asilale kwanza.

Na wewe, leo hii, omba ruhusa utoke mapema. Usinyemelee. Bisha hodi kama mtu mwenye adabu. Sauti ikiuliza nani huyo na viatu vya matope, vua viatu. Pita sebuleni, usimwulize mkubwa, usimwulize mdogo. Nenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa jikoni. Usimkemee. Usiseme "Kumbe ni wewe!" Wala usije ukamfanya aigize mbele ya wageni mkacheka. Chuchumaa hadi macho yenu yalingane, umwulize kama amekula, kisha ungoje. Siku za mwanzo atakujibu kwa sauti yako. Vumilia. Endelea kuuliza, kila siku, mpaka itoke ya kwake. Ikitoka usishangae ukadhani ni mgeni kaingia ndani. Ni kwamba hujawahi kuisikia.

Wewe unaiogopa sauti ile. Mimi naogopa siku utakayofika nyumbani mchana, usukume mlango na matope yako miguuni, na asiwepo wa kukuuliza.