Duka Alilolitafuta Élyse

Nakivale, Base Camp
4 Februari 2025

Kwako mwanangu Laurent,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Sisi tuko, magoti tu ndiyo yananisumbua, na wewe natumaini mbao za huko Ruti hazijakumaliza mgongo. Simu yangu iliingia maji ya mvua, basi nakuandikia, na dereva Musoni atakuletea.

Laurent, nimechoka. Mtoto wa dada yako ana wiki tatu hapa kambini kwa wakimbizi na hali chakula. Tangu wale Wakongo waliorudi kutoka Bangkok waniletee Élyse, nikimpa ugali na maharage anakula vijiko viwili, kisha anasukuma sahani. Muuguzi wa kliniki alimpima akasema kilo zikishuka tena watamlaza. Ana miaka minane, na mkono wake nauzungusha kwa vidole viwili.

Kiswahili chake ni kile kidogo alichofundishwa na mama yake Mariette. Jana nilimwuliza, "Unataka nini, mutoto wangu?" Akasema, "Sarai." Kisha, "Makham." Akanionyesha kwa mikono jinsi mtu anavyofungua pakiti. Nadhani ni vitamu vya Thailand, kule alikozaliwa. Huko Mbarara kuna maduka mengi. Tafadhali zunguka uone.

Mama yake bado amefungwa kule kwa sababu ya karatasi zilizokwisha muda. Mtoto nimemwambia mama anakuja. Ningesema nini?

Mama yako,
Georgette

Kakoba, Mbarara
12 Februari 2025

Mama yangu,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi mzima, ila usingizi haunitoshi. Pole kwa magoti.

Jumamosi nilitoka kazini na vumbi la mbao kichwani, nikazunguka mjini. Duka la kwanza walinipa biskuti. La pili, mlinzi alinifuata nyuma kana kwamba mimi ni mwizi. La tatu, msichana wa kaunta akaniambia, "Panda ghorofa ile ya mbele, kwa Kabanyana. Yeye ndiye analeta vitu vya Asia."

Ni chumba kimoja, lakini kimejaa mpaka dari. Pakiti za rangi zote, na maandishi ya kujikunja ambayo sikuweza kusoma hata herufi moja. Wateja wake ni wageni wa makampuni na wanafunzi. Nilimtamkia Kabanyana yale maneno mawili kama ulivyoyaandika, nikaona haya. Hakucheka.

"Sarai ndiyo hii, majani ya bahari," akasema. "Inakaangwa, inakauka kama karatasi. Makham ni ukwaju, iko na sukari na pilipili. Ni ya nani?"

"Mtoto wa dada yangu."

"Mama yake ako wapi?"

Nikasema hayupo. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Nimenunua sarai, ukwaju, na vile vimkate vyembamba vya nazi vilivyoviringishwa. Mimi sijui kama pipi zinaweza kumlisha mtoto. Lakini sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia.

Mwanao,
Laurent

Nakivale
1 Machi 2025

Mwanangu Laurent,

Nakusalimu. Mfuko ulifika salama. Élyse alipouona aliufungua, akasoma maandishi yale kwa sauti, pakiti moja baada ya nyingine. Hatukujua kwamba anayasoma! Akala sarai. Nyingine nilimvunjia juu ya maharage, akamaliza sahani. Nilipiga magoti, na maumivu yake yote, nikashukuru.

Siku ya nne hakuwa nyumbani. Nilimtafuta kwenye bomba la maji, kanisani, sokoni, nikiita mpaka sauti ikakauka. Musoni ndiye aliyemkuta ndani ya gari lake, kiti cha mbele, amepakata begi.

Akamwuliza, "Unaenda fasi gani?"

"Kwa duka. Kwa mama."

Laurent, alidhani duka ulikonunua ndilo lile la chini ya nyumba yao Bangkok, ambako mama yake alikuwa akimnunulia. Anaamini wewe unamwona Mariette, na kwamba sisi tunamficha. Tangu siku hiyo hanisemeshi, na sahani anaisukuma tena. Usitume kitu kingine.

Mama yako,
Georgette

Kakoba
6 Machi 2025

Mama,

Pole sana.

Mlete mtoto. Alione duka kwa macho yake. Mimi sitakuwepo, bosi ananituma Kabale na lori la mbao wiki nzima, na nikikataa kuna wengi mlangoni wanaotaka kazi yangu. Nimemweleza Kabanyana kila kitu. Amesema mje Alhamisi, siku hiyo wateja ni wachache.

Na tafadhali, Mama, usimwambie tena kwamba dada anakuja. Hatujui.

Mwanao,
Laurent

Nakivale
15 Machi 2025

Mwanangu,

Natumaini umerudi salama kutoka Kabale. Sisi tulienda.

Élyse alivaa gauni alilosafiri nalo kutoka kule. Ngazi zilinimaliza, yeye akatangulia mbio. Nilipofika juu alikuwa anapita kati ya rafu, anachungulia nyuma ya kaunta, nyuma ya friji, anafungua mlango wa stoo. "Mama! Mama!" Kabanyana hakumzuia. Alimwacha apamalize kila fasi. Kisha mtoto akaketi sakafuni.

Kabanyana akaketi naye, akamwonyesha katoni. "Hii ilipanda meli. Ikashuka Mombasa, ikapanda lori mpaka Kampala, ndiyo ikakuja hapa."

"Na mama?"

Kabanyana akaniangalia mimi. Nikasema mwenyewe, Laurent. "Mama yako balimufunga. Hakufanya mubaya. Sijue siku gani batamufungua. Nilikudanganya."

Akalia. Miezi miwili sikuwa nimeona chozi lake, na sasa alilia mpaka akatapika kwenye blauzi yangu. Kabanyana alileta maji na kitambaa, akanipangusa. Tulipoaga alimwambia achague chochote anachotaka. Élyse alikataa. Garini alinilalia mapajani mpaka Base Camp. Jana alikula ugali, kidogo.

Nimechoka kama mtu aliyelima msimu mzima kwa siku moja.

Mama yako,
Georgette

Kakoba
2 Aprili 2025

Mama yangu,

Salamu. Jana Mariette alinipigia kwa simu ya watu wa kanisa waliomtembelea. Dakika chache tu. Sauti yake imekuwa ndogo. Kesi haisogei. Anasema umwandikishe Élyse kwenye kadi yako ya familia hapo kambini, asome, asikae akingoja.

Nilimwuliza nimwambie nini mtoto. Nikasikia watu wanapita nyuma yake, kisha simu ikakatika. Nilibaki nimeishika, na wenzangu wote karakanani wananiangalia.

Nenda ofisi ya kuandikisha mapema, foleni ni ndefu.

Mwanao,
Laurent

Nakivale
10 Aprili 2025

Mwanangu Laurent,

Nakusalimu, na Élyse anakusalimu.

Tulifika ofisini jua linachomoza, tukaingia saa nane. Karani aliuliza majina, tarehe, na alikozaliwa. Kisha akaniuliza, "Mama ya mtoto amekufa?" Ili niwe mlezi, karatasi yao inataka jibu.

Élyse akajibu mwenyewe. "Iko. Iko mbali. Anaitwa Mariette."

Karani akaandika. Mtoto akasimama kwa vidole vya miguu, akachungulia karatasi.

"Iko t mbili," akamwambia.

Karani akafuta, akaandika upya, na Élyse hakuketi mpaka jina lilipokwisha. Tulirudi polepole kwa miguu. Jumatatu anaanza shule.

Mama yako,
Georgette