Kuni Zilizofika Kabla ya Msiba

Mama Zubeda,

Umekufa. Jumanne, saa tisa mchana, juu ya machela, kwenye njia ya kushuka barabarani. Presha ile ile. Tumekuzika Jumatano. Leo tumemaliza kusoma khitma, watu wameondoka. Nimechukua daftari la zamani la Zubeda, nakuandikia. Mwandiko wa darasa la nne unaujua. Vumilia.

Umekwenda hujui kilichotokea siku ile. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka Zubeda alipopata kazi ya ndege? Serikali ilikuwa imeruhusu makampuni ya watu binafsi, na mimi kiwanda cha mbao kimeuzwa, nimepunguzwa, ndiyo nimeanza kibarua cha kupakia kabichi Soni. Ukamuuliza, "Unakwenda angani kugawa chai? Chai si ipo hapa hapa mlimani?" Akacheka mpaka akakaa chini. Nikasema mimi siku moja nitaipanda hiyo ndege. Ukanigeukia: "Wewe? Lori tu la kwenda Mombo unatapika." Kweli nilikuwa natapika.

Lakini tangu siku ile ulikuwa hulali vizuri. Kampuni yao ina ndege moja tu. Jumanne inakwenda Mwanza. Kila Jumanne ulikuwa unaniuliza, "Baba Zubeda, sasa hivi watakuwa wamefika?" Nakujibu wamefika. Mimi najuaje? Nilikuwa najibu tu.

Jumanne hiyo injini iliharibika. Zubeda mwenyewe kanisimulia. Wameruka, hata mawingu hawajayafikia, wakasikia mshindo upande wa kushoto. Ndege ikatetemeka, ikalalia upande. Watu wakapiga kelele. Rubani akaizima injini ile, akabaki na moja. Akawaambia wahudumu kwa simu ya ndani, "Tunarudi. Waandaeni watu." Maneno hayo tu. Zubeda akapita kiti kwa kiti, funga mkanda, inamisha kichwa. Kulikuwa na mzee amemng'ang'ania mkono hataki kuachia. Mwanao akamwambia, "Shikamoo babu. Naomba uiname." Mzee akaitikia marahaba, akaachia, akainama. Ndege inaanguka, yeye anaamkia! Hayo ni malezi yako, siyo yangu.

Haikuanguka. Ilizunguka, ikatua pale pale Dar. Wote wazima. Nikamuuliza, hamkuogopa? Akasema, "Tunaogopa baadaye, baba. Pale kila mtu ana kazi yake."

Sasa sikiliza. Taarifa ya habari ya saa saba ilisema yote. Niliisikia kwenye redio ya lori, gunia liko mgongoni. Ndege ya Mwanza, injini, imerudi, imetua salama. Niliisikia mpaka mwisho. Dereva akaniambia, "Baba Zubeda, si ya binti yako hiyo? Nenda kamwambie mama." Lori lilikuwa limejaa nusu. Nikasema tumalize kwanza. Nikasema nyumbani redio haina betri, nani atamwambia? Nikaendelea kupakia.

Nikasahau kwetu habari haitaki redio. Mtu kapiga kelele kutoka ng'ambo ya bonde, mwingine kapokea, akapiga na yeye. Ilipovuka bonde imebaki nusu. Ndege ya Zubeda imeharibika injini. Kutua hakukufika.

Wifi yako Halima akawakusanya wanawake. Wakafanya wanavyofanya watu wa kwetu penye msiba: kila mmoja mzigo wa kuni kichwani, wakapanda kimya. Wewe ulikuwa unachambua maharage. Ukawaona wanatua kuni mlangoni kwako. Ukauliza, "Nani?" Hawakujibu. Mfiwa hapashwi habari na wanawake wa kuni, anasubiri mwenye nyumba aje aseme. Ukauliza tena, "Halima, nani?" Halima akainama. Hapo ukaanguka.

Mwenye nyumba alikuwa Soni anahesabu kabichi.

Tulikutana njiani, mimi napanda, vijana wa machela wanakushusha. Nikasema, "Mama Zubeda, mtoto mzima. Katua." Nikasema tena kwa Kishambaa. Vijana wakasimama, wakaniangalia. Mmoja akasema, "Baba, tumechelewa."

Halima analia kila siku. Nimemwambia asilie, yeye kaleta kuni, hajakosea desturi.

Zubeda naye alikuja na nguo za kazi. Siku zote hizi alikuwa anasema, "Mimi ndiye nimemuua mama." Akasema anaacha kazi, hapandi ndege tena. Nikanyamaza siku tatu. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Jana nimemwita uani, nikamwambia. Siyo ndege. Nilisikia saa saba nikamaliza lori kwanza. Kutoka Soni mpaka kwetu ni mwendo wa saa moja. Ningekuwahi.

Aliniangalia sana. Akaingia ndani, nikasikia anafunga begi. Leo asubuhi kaondoka na basi la kwanza, karudi Dar, kazini. Hakusema kama atakuja arobaini. Sikumuuliza.

Atapanda ndege. Hilo ndilo nililotaka. Mengine yake mwenyewe, hata akinichukia.

Na wewe sikuombi unijibu. Nilitaka uyajue kwangu, usiyasikie kwa mwingine huko uliko. Zubeda mzima. Mungu akuweke pema.

Kesho alfajiri nashuka Soni. Kuna lori la kupakia.

Mumeo,
Baba Zubeda