Yule Aliyefula

Mama,

Chai iko kwenye chupa. Maharagwe bado, ongeza maji. ~~Nitarudi jioni.~~ Sitarudi leo, wananilaza hospitali. Nimekuja kuchukua leso na sabuni tu, Khadijo jirani ananingoja mlangoni anirudishe.

Usikasirike kwamba sikungoja daktari wa Jumatatu. Asubuhi kichwa kiliniuma mpaka nikaona nyota, nikaenda. Karani aliniuliza shida, nikasema miguu imefula, ndivyo tunavyosema kwetu kwa kuvimba. Akacheka mbele ya watu wote. "Umefua nini, mama?" Hawa watu wa Kitale! Niliona haya, nikageuka nirudi nyumbani.

Sista mmoja akanifuata hadi langoni. "Wewe ni wa Bungoma, si ndiyo? Mimi wa Sirisia. Hebu nione hiyo miguu iliyofula." Akabonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Alipopima presha akaacha utani. Akasema Jumatatu ni mbali, kwangu na kwa mtoto. Amenipa dawa, na amesikiliza tumbo kwa ile pembe yao. Moyo wa mtoto unapiga vizuri.

Ulisema kazi ya sista ni sindano tu. Hata mimi nilidhani hivyo. Na juzi uliposema nimefura kwa kununa, Mama, sikuwa nimenuna. Lakini yameisha.

Ukija kesho, usiulizie daktari. Ulizia sista wa Sirisia, umwambie unamtafuta yule aliyefula. Ataelewa.

Mkaza mwanao,
Lenah