Kichuguu Chako Kimepata Mgeni

Mpendwa Baba Neema,

Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa stoo, funguo nimezibana mkononi, na roho haitulii. Humo ndani yupo kakakuona, mzima kabisa. Nimemkuta asubuhi kwenye kichuguu chako kile cha nyuma ya nyumba. Tingatinga limefyeka pori lote la bondeni ili vipimwe viwanja, sasa angekwenda wapi? Nimemwacha ale ashibe, ndipo nikambeba kwa kanga.

Unamkumbuka yule wa kwanza, mwaka tuliohamia Kibamba? Mtaa mzima ulijaa uani kwetu. Wakamwekea maji, unga na panga, waone atagusa nini: mvua, mavuno au vita. Akaenda kwenye maji, tukapiga vigelegele, na mimi nikiwemo. Kisha kila mtu akataka kumshika. Tukampa ugali, tukampa na mchicha. Siku ya pili tulimkuta amejikunja kwenye beseni, amekufa. Ulimchimbia shimo mwenyewe, hukutaka msaada, ukasema, "Maswali yote yale, hakuna aliyemuuliza kama ana njaa."

Tangu hapo ukakataza kichuguu kisiguswe. Mchwa wakala fremu ya mlango wa chumbani, wakala na kabati la marehemu mama, nikakununia wiki nzima. Jibu lako lilikuwa moja tu: "Akija mwingine atakula nini?" Nilikuona mbishi. Hata ulipotutoka sikukibomoa, ila kesho fundi alikuwa aje na dawa.

Leo majirani wamekuja tena na sahani ya unga. Nimewaambia nimeshawapigia watu wa maliasili, basi wamekaa nje wananisema, eti nawanyima mvua. Hao nimewazoea. Aliyeniondolea amani ni kijana aliyeshuka kwenye gari safi, akanipa shikamoo ya heshima, akasema atampeleka mnyama mahali salama. Hakuuliza kama yuko hai. Aliuliza, "Mama, ni mkubwa kiasi gani? Magamba yake yamekomaa?" Nikamwambia ameshachukuliwa. Hakuniamini, gari lake bado lipo pale dukani, vioo vimepandishwa.

Maliasili wanasema wako kwenye foleni. Kila gari likipunguza mwendo nasimama. Nina hasira na wewe, Baba Neema, kwa kuniachia zamu hii peke yangu.

Nimerudi kumalizia. Wamefika wawili wenye sare, nimekagua vitambulisho vyao kabla sijafungua stoo. Yule kijana alipowaona akawasha gari akaondoka. Mama Rehema wa jirani hakuvumilia, akanifuata hadi getini.

"Haya tuambie basi, kachagua nini?"

"Mchwa," nikamjibu.

Fundi nimempigia asije. Mlango wa jikoni nao umeshaanza kuliwa. Waache wale.

Mkeo, ambaye hanuni tena,
Mama Neema